Ghala la Elvina

Mji wa Elvina ulizaliwa na reli. Wapimaji wa njia walipanga miji kwenye uwanda ule kwa kufuata nguvu za farasi: umbali ambao mkulima angekokota ngano yake asubuhi, akauza, akarudi kwake kabla ya giza. Hapo ndipo walipochomeka kigingi, na kigingi kikapewa jina la binti wa mhandisi, binti ambaye hakuwahi kuukanyaga mji wake hata siku moja.

Osyp Hrynchuk alizaliwa hapo, nyuma ya duka la baba yake, akazoea honi ya treni kabla ya kuzoea jogoo. Akawa mtunza ghala la ngano, lile jengo refu la mbao kando ya reli, lenye jina la mji kwa herufi nyeupe. Nusu ya maisha yake aliipima ngano ya majirani, akaijaribu kwa kuitafuna, akagombana nao juu ya unyevu wake, na Jumamosi akacheza nao dansi ukumbini. Enzi hizo kulikuwa na hoteli, benki, shule, na mabinti wa kumnyima kijana usingizi. Mmoja wao, Paraska, Osyp akamwoa.

Kisha barabara ya lami ikapita mbali, malori yakaja, treni zikapungua mpaka zikakoma. Hoteli ikaungua. Watoto wakahamia mjini, wakawa wanarudi kwa mazishi tu. Elvina ikaisha kidogo kidogo, kama kipande cha sabuni. Osyp hakununa, maana alikuwa na Paraska.

Uchungu ni kwamba Paraska naye alikuwa akiisha. Alisahau majina ya wanawe, kisha la mumewe. Kila alasiri alijifunga kitambaa chake cha maua akaenda kutembea nyasini, na ukimfungia mlango alilia kama mtoto. Lakini jambo moja halikumtoka, lile ambalo kila mtoto wa uwanda ule hufunzwa mapema: ukipotea, litafute ghala, ulifuate. Jua likiinama, aligeuka, akaliona, akarudi.

Kwa hiyo kampuni yenye ghala iliposema italibomoa, Osyp alishikwa na hofu. Akaenda kuwasihi. Wakamjibu kwa upole kwamba mbao zimeoza. Mwenye nguvu mpishe.

Siku yenyewe watu walikuja na viti vya kukunja na chupa za kahawa, wakakaa mstari. Ndivyo ghala linavyozikwa huku.

"Osyp, suti ya nini?" jirani yake, Gus Lindholm, akamchokoza. "Anazikwa nani, wewe au ghala?"

"Ningezikwa mimi ungeleta keki. Leo umekuja mikono mitupu, bahili wewe."

Gus akacheka. "Paraska yuko wapi?"

"Nimemwacha amelala. Heri asione."

Mashine ikavuta kamba ya chuma. Ghala likasita, likainama polepole, likalala. Vumbi la ngano za miaka na miaka likapanda, likawa dhahabu juani, likaelea juu ya viti, na watu wote wakalitazama kana kwamba wanaota ndoto moja. Osyp alilia bila kujificha. Vumbi lilipotua, upande ule wa mbingu ulikuwa mtupu.

Alipofika nyumbani, kitanda nacho kilikuwa kitupu.

Alimkuta mbali, nyasi zikimfika magotini, akijizungusha taratibu, akitazama kila upande.

"Umepotea, bibi?" Osyp akauliza, akihema.

"Sijapotea mimi. Wamelificha ghala." Akamkazia macho. "Mzee, Elvina unaijua?"

"Naijua."

"Basi nipeleke. Nishike mkono tu, usinizoee. Nina mume."

Wakatembea kidogo, upepo ukilaza nyasi mbele yao.

"Mumeo ni mtu mzuri?"

Paraska akafikiri. "Ana maneno mengi. Lakini nikichelewa husimama nje, hata kwenye theluji, mpaka anione."

"Basi tukaze mwendo," Osyp akasema, "asije akasimama sana."