Ukucha na Sarafu Nane

Kazini walimwita Ukucha, na hakuna aliyekumbuka tena kwamba hilo lilikuwa jina la utani. Ukucha wa kidole gumba cha mkono wake wa kulia ulikuwa mrefu, mnene, wa manjano kidogo, na kwa miaka ishirini na miwili ulikuwa umepita chini ya lebo za chupa za siki, za dawa ya kikohozi, za sharubati, na za vitu ambavyo afadhali visitajwe. Katika yadi ile ya kusafishia chupa, chupa kuukuu ziliingia na majina yao, zikatoka uchi, zikauzwa kwa watu waliokuwa na majina mengine ya kuzipa. Wengine walitumia kisu. Ukucha aliwatazama watu wa kisu kama daktari wa meno anavyomtazama mtu aliyekuja na koleo.

Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, anza na kilicho kibovu kuliko vyote, ili ukiharibu, uwe umeharibu kilichokwisha haribika. La pili, usitupe lebo mpaka kazi iishe. Hili la pili lilitokana na chupa moja ya mwaka wake wa kwanza. Aliivua lebo, akaitupa lebo kwenye ndoo ya maji, na saa moja baadaye yadi nzima ilikuwa imeizunguka chupa ikibishana kama masalio ya ndani ni siki au ni kile kitu cha kuzibulia mabomba. Msimamizi alijitolea kunusa. Alirudi kazini baada ya wiki mbili. Tangu siku hiyo kila lebo aliyoivua Ukucha aliilaza juu ya kipande cha kioo, gundi chini, uso juu, ikauke ikiwa imenyooka. Wenzake walisema anasubiri kuitwa na makumbusho.

Jumapili hiyo, saa nne asubuhi, kioo chake kilikuwa kwenye meza ya kulia nyumbani, na kando yake sarafu nane za kamari.

Zilikuwa zile za kuchezea karata, za udongo ulioshindiliwa, nyekundu iliyokoza kama ini. Katikati ya kila moja palikuwa na nembo ya dhahabu ya klabu ambayo ilikwisha fungwa zamani, lakini nembo haikuonekana, kwa sababu juu yake ilibandikwa lebo ya daftari la shule: karatasi nyeupe, mstari mwekundu pembeni, nambari kwa wino mweusi, moja hadi nane. Baba mkwe wake alikuwa keshia wa klabu hiyo. Miaka thelathini na minne iliyopita klabu ilibadilisha sarafu zake. Zile za zamani, kwa maelezo ya mzee, ziligongwa muhuri wa BATILI juu ya nembo, zikamwagwa kwenye sanduku la taka mlango wa nyuma, na yeye akachukua nane ili akamilishe kete zake za drafti. Kwa maelezo ya klabu, nane hizo zilikuwa bado hazijagongwa muhuri, na yeye ni mwizi. Alifukuzwa siku ya tatu.

Lebo zilikuwa kazi ya marehemu mkewe. Alivumilia kete, nembo hakuivumilia. Jioni ileile sarafu zilipoingia nyumbani alichukua lebo za daftari za mwanawe, akazilowesha vizuri, akazibandika. Kamari ikafunikwa, drafti ikaendelea, na ushahidi ukaenda nao huko chini.

Mwana huyo, ambaye sasa ni mume wa Ukucha, alikuwa na miaka tisa. Shuleni walimwita mtoto wa mwizi wa kamari. Ni jina refu, lakini watoto wana muda. Alikua akawa mtunza ghala, na ghala halijapata kumwona mtu kama yule. Hakuwahi kurudi nyumbani hata na mpira wa kufungia karatasi. Siku moja alitembea kilomita tatu kurudisha kalamu aliyoisahau nyuma ya sikio. Na mwana huyo hakumkosea baba yake heshima hata mara moja: alimwamkia, alimtumia dawa, na kwenye harusi aliketi naye wakiacha kiti kimoja katikati.

Kisha ukuta wa chumba cha mzee ukaanguka, mzee akaja kukaa nao, akiwa na begi moja na mkebe wa kete. Wiki ya pili akaja bwana mmoja mwenye kioo cha kukuzia, mkusanyaji wa sarafu za klabu zilizokufa, aliyekuwa akiwatafuta wafanyakazi wa zamani. Alikuwa mtu mpole asiye na nia mbaya, na hao ndio wa kuogopwa. Alisema anazitaka sarafu, ila bila lebo. Alisema pia, huku akinywa chai, kwamba zote zilizotupwa ziligongwa muhuri wa zambarau, akatoa ya kwake mfukoni kuonyesha. Na ambayo haina muhuri, basi, akacheka kidogo, hiyo ilitoka kwa njia nyingine.

Mtunza ghala aliishika ile sarafu muda mrefu. "Kumbe ni jambo la kuangalia tu," alisema.

Mgeni alipoondoka, akatoa uamuzi wake bila kupandisha sauti. "Jumapili saa tisa dada anakuja na gari. Lebo zivuliwe kabla ya hapo. Muhuri ukiwepo, mzee atakaa hapa mpaka achoke, na mimi nitamwomba radhi. Usipokuwepo, ataenda kwa dada. Siwezi kuendelea kumpa mtu chumba huku sijui ni nani."

"Ni baba yako," alisema Ukucha.

"Hilo najua. Nauliza lingine."

Kwa hiyo asubuhi ile meza ilikuwa na sarafu, kioo, kitambaa kizito, bakuli la maji, na mtu mmoja aliyekwisha piga hesabu zote za gundi. Asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, hula udongo ule. Mafuta ya taa hayaigusi gundi ya lebo za shule; gundi hiyo inajua maji tu. Lakini wino wa muhuri nao unajua maji. Ukilowesha ili lebo itoke, unaweza ukautoa muhuri pamoja nayo, na hakuna mahali pa kwenda kuuomba tena. Ilibidi unyevu upite kwenye karatasi, ufike kwenye gundi, usimame hapo.

Mzee alikuwa nje, kwenye benchi chini ya dirisha. Alikataa kuingia. "Nikiwa ndani mtasema nimezipulizia kitu," alisema.

Ukucha alianza na namba tano, iliyomeguka ukingoni. Alikamua kitambaa mpaka kikabaki na ubaridi tu, akakikata kipande cha ukubwa wa lebo, akakilaza juu, akafunika na bilauri. Robo saa. Mumewe alisimama nyuma ya kiti chake kama anayesimamia mtihani.

"Wino ulikuwa mbichi siku ile," mzee alisema kutoka nje, bila kumlenga mtu yeyote. "Ulinichafua mfuko wa shati. Shati jeupe. Marehemu alinisema zaidi kwa ajili ya shati kuliko kwa ajili ya kazi."

"Shati liko wapi?" aliuliza mwanawe.

"Miaka thelathini na minne, mwanangu. Likageuzwa dekio, na dekio nalo likafa."

"Kila kitu kimekufa," alisema mtunza ghala.

Ukucha aliondoa bilauri, akaingiza ukucha pembeni, akausukuma polepole, na lebo ikanyanyuka nzima kama utando wa maziwa yaliyochemka. Aliilaza kwenye kioo. Kwenye sarafu ulibaki utando wa gundi. Akaufuta kwa pamba yenye unyevu. Pamba ikatoka nyekundu, lakini sarafu zile hutoa rangi, kwa hiyo haikusema lolote. Nembo ya dhahabu ikang'aa. Mumewe akainama na kioo cha kukuzia alichoazimwa na mkusanyaji, akageuza sarafu kwenye mwanga, huku, huku, akairudisha.

"Safi," alisema.

Safi ilikuwa na maana mbili, na ni Ukucha peke yake mezani aliyeziona zote. Ama muhuri haukuwepo kamwe, ama ulikuwepo mpaka dakika tano zilizopita na yeye ndiye aliyeufuta. Mtu ambaye hakukosea lebo kwa miaka ishirini na miwili hawezi kuanza kujitetea kabla ya chakula cha mchana.

Namba mbili aliipa unyevu nusu na muda maradufu. Safi. Namba nane aliipumulia tu, mdomo karibu, kama mtu anayefuta miwani, mara ishirini, thelathini, mpaka akaona nyota. Safi. Namba sita hakuigusa kwa pamba kabisa. Aliitazama na gundi yake. Chini ya gundi, dhahabu tupu.

"Mke wangu, usijitese," alisema mumewe. "Nne zinatosha."

"Kazi haijaisha."

Saa saba. Namba saba, safi. Namba nne, safi. Mtunza ghala aliingia chumba cha nyuma, ikasikika zipu. Akatoka na begi la mzee, akaliweka karibu na mlango, akalinyoosha liwe sambamba na ukuta.

Namba tatu ilitoka saa nane na nusu. Safi. Alipoweka lebo yake kwenye kioo, kioo kilikuwa kimejaa.

"Mzee," alisema mtunza ghala kupitia dirishani. Hakusema Baba, na wote watatu walisikia. "Dada atakuwa njiani."

"Sawa," alisema mzee. Akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu, bila kuangalia chini.

Ilibaki namba moja. Ukucha hakuichukua. Mikono yake ilikuwa imechoka, na hiyo ni sababu tosha ya kutoshika kitu cha udongo. Akafanya alichofanya siku zote mikono ikichoka: alinyanyua kioo cha lebo, akakipeleka dirishani zikauke, akakiegemeza kwenye nondo.

Jua la alasiri lilipita kwenye karatasi.

Ukucha aliinama, akasogeza jicho karibu na lebo.

"Njoo," alisema.

"Nini?"

"Njoo usome."

Nyuma ya namba tano, ndani ya karatasi kabisa, kwa rangi ya zambarau iliyofifia, herufi sita zilikuwa zimelala upande, zikisomeka sawasawa: BATILI. Nyuma ya mbili, nusu ya neno. Nyuma ya nane lilikuwa limegongwa mara mbili na mtu mwenye hasira au haraka. Zote saba zilikuwa nalo.

"Wino ulikuwa mbichi," alisema Ukucha, sasa kwa haraka. "Na marehemu mama yako hakulamba lebo, alizilowesha. Gundi ikaunyonya. Dhahabu hainywi wino, karatasi inakunywa. Muhuri haujawahi kubaki kwenye sarafu hata usiku mmoja. Ulihamia kwenye lebo."

Mtunza ghala alisoma zote saba, moja moja, kama anavyopokea mzigo. Kisha akaanza tena kutoka ya kwanza. Upande wa pili wa kioo, uso wa mzee ulikuwa umesogea karibu na nondo, ukichungulia.

"Huku yameandikwa kinyume," alilalamika.

"Lile dekio," alisema mwanawe. "Nililitumia mimi. Kila Jumamosi. Lilikuwa na doa la zambarau, hapa. Nilidhani ni dawa ya vidonda."

"Nilikwambia shati lilichafuka."

"Uliniambia, Baba."

Nje gari lilipiga honi. Mtunza ghala aliliokota begi kutoka mlangoni, akasimama nalo kama amesahau linaelekea wapi, kisha akalirudisha chumba cha nyuma. Alipotoka alipita moja kwa moja hadi kwenye benchi, na alichokisema huko alikisema kwa sauti ya chini, ameinama, kwa muda mrefu. Dada yake, kutoka kwenye gari, aliuliza mara mbili kama kuna aliyekufa. Akaambiwa hapana, aingie anywe chai. Akasema petroli aliyochoma haikuwa ya chai.

Mzee aliingia ndani mwisho, akiwa na kiatu kimoja. Alizitazama kete zake mezani, nyekundu, zenye dhahabu, zinazofanana zote isipokuwa namba moja, ambayo Ukucha alikuwa ameirudisha kwenye mkebe na lebo yake.

"Mkusanyaji atafurahi," alisema mwanawe.

"Mkusanyaji akatafute zake. Mimi nitajuaje ipi ni ipi?" Akageuka kwa mkwewe. "Mwanangu, zirudishe kama zilivyokuwa."

Ukucha alivuta droo moja, ya pili, akatazama juu ya kabati, akarudi mikono mitupu. Katika nyumba ya mtu wa kuvua lebo, haikuwahi kununuliwa gundi.