Mkono Uliokataa Kushuka

Miao Suzhen alikuwa mtu wa roho juu. Kila asubuhi, kwenye bustani iliyo kando ya mto pale Tianjin, wenzake wa taichi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, walisimama kimya, magoti yamekunjwa kidogo na mikono mbele kana kwamba wamekumbatia mtungi. Yeye alisimama nao huku akiwaza dawa za mumewe na kama gesi ameizima. Bega lake la kulia likawa linapanda lenyewe kuelekea sikioni.

"Legea, Suzhen," akamwambia Mwalimu Dou.

"Nimelegea, mwalimu."

"Ndiyo, kama kufuli."

Wenzake wakacheka. Yeye alinuna, maana bega lilimuuma kwelikweli, na mwalimu alikuwa amekwisha kumtoa kwenye zoezi la wawili wawili la kusukumana mikono.

"Hutarudi mpaka ukandwe," mwalimu akamwambia. "Na mkandaji unaye nyumbani."

Maneno hayo yalimkera njia nzima. Mumewe, Kou, aliwakanda watu wa mtaa ule miaka na miaka, mpaka kiharusi kilipoudhoofisha upande wake wa kushoto. Tangu hapo Suzhen alimlisha, akamvalisha, akamfungia hata vifungo alivyoweza kuvifunga mwenyewe. Hayo aliyaita huruma. Kusema kweli, hakumwamini tena hata na kikombe cha chai.

Alifika nyumbani, akabandika birika, akaanza kufagia.

"Mwalimu Dou amenipigia simu," akasema Kou. "Hebu keti."

"Nina vyombo."

"Vyombo havina miguu."

Akaketi nusu kiti. Kou akamshika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima, na ule dhaifu akauweka chini ya kiwiko.

"Nipe mkono."

"Si umeushika?"

"Uzito wake bado unao wewe." Kou akaachia ghafla. Mkono wa Suzhen ukabaki hewani, umejishikilia wenyewe. Wakautazama wote wawili, kisha Kou akaangua kicheko. "Unanisaidia kubeba, mke wangu."

"Nikiuachia utaanguka. Huo mkono wako..."

"Malizia."

"Hauwezi," akasema, na papo hapo akaona aibu.

"Basi uanguke tuone."

Suzhen akafumba macho, akaachia. Mkono ukashuka kwa uzito wake wote, na mkono dhaifu wa Kou ukatetemeka, ukashuka nao karibu na goti, ukauzuia hapo. Kwa kidole gumba cha mkono mzima akamkandamiza polepole chini ya bega. Kitu kikaachia ndani. Suzhen akalia, wala hakujificha.

Birika likaanza kupiga mluzi. Akashtuka kutaka kuinuka.

"Kaa. Nitazima mimi."

Kou akatafuta fimbo yake, akajiinua, akaanza kujikokota kwenda jikoni. Mluzi ukawa mkali, mvuke ukajaa mlangoni. Bega la Suzhen likapanda tena. Akalishusha, akakaa.