Siku Kavugho Alikosa Jibu

Kavugho anauzaka viazi hapa soko ya Bungulu, na miye Katungu ninauzaka vitunguu pembeni yake. Ile mudomo yake! Ukigusa kiazi bila kununua, atakuuliza kama uko munganga wa viazi. Tunatukanana toka asubuhi, na siku ikikosa matusi tunaona kama soko haikufunguka.

Siku moja pikipiki yenye ilimuleta iliteleza mu matope, guidon, ile chuma ya kushikia, ikamupiga mu tumbo. Akasimama, akacheka, akatandika viazi yake. Tukasema Mungu amesaidia.

Jua ilipopanda, akanyamaza. Batu bakasema, "Mumuache, amechoka." Nikamutupia neno: "Kavugho, viazi yako imeoza!" Hapana jibu. Akaniangalia sawa mutu asiyenijua, akaomba maji. Nikamushika mukono: baridi, na jasho inatiririka. Woga ikanishika. Kavugho anyamazie hiyo tusi? Jamani, huyu anakufa!

Infirmière Clémence, muuguzi wa hopitali, alikuwa anachagua vitunguu kwangu. Akaacha yote, akamupima mupigo wa moyo: mbio mbio, na haina nguvu.

"Ni choc! Musimupe kitu ya kunywa. Mumulalishe, mumufunike kitenge, mutafute gari sasa hivi!"

Kwa hopitali, bwana yake Jean-de-Dieu akafika anahema. "Choc? Nani amemuletea habari mbaya?" Akanikazia macho miye! Donc mudomo yangu sasa inaua batu?

"Hapana choc ya habari, papa," Clémence akamuambia. "Damu inavuja ndani ya tumbo. Ile inabakia haitoshi kufika mu kichwa, mu figo, fasi yote ya mwili. Wangemuacha apumuzike pale, angekufa."

Wakamupasua, wakatafuta damu. Yangu ikapatana na yake. Nikatoa huku ninalia: Bwana Mungu, usimuchukue, nitatukanana na nani?

Leo yuko tena kwa meza yake, amenona hata kunishinda. Kiliyente wa viazi akilalamika, Kavugho ananionyesha kidole: "Usinisumbue! Nikikosa akili, ni damu ya ule wa vitunguu."

"Basi unirudishie!"

"Nikurudishie nini? Ilikuwa inanuka vitunguu!"

Soko yote inacheka. Mais miye, kila asubuhi, kabla ya kutandika kitu, ninamutukana wa kwanza na kungojea. Akijibu, njo ninaanza kuuza.