Niliondoa Jina, Nikaacha Besi

Leo nimemwanika mtu kanisani bila kutaja jina lake.

Mimi ndiye katibu. Maombi ya siri ya waumini niliipatia AI iyapange, nikaiambia iondoe majina. Ikaondoa, kweli.

Nikasoma mbele ya watu: "Tumwombee ndugu anayeendesha trekta la miwa na kuimba besi. Anamwogopa mama mkwe wake."

Hapa Awendo kwaya yetu ina besi mmoja tu.

Kanisa zima likageuka.

Mama mkwe akasimama polepole kwenye benchi la mbele. "Mchungaji, huyu nitamwekea mikono mimi mwenyewe."

Na mnajua kwetu mkwe hata kumsalimia kwa mkono ni shida.

Besi akaruka dirishani, akatoroka.

Ameacha funguo za trekta. Nani atanisindikiza nikamrudishie, niombe na msamaha? Ile karatasi ya ombi lake alimwandikia mchungaji peke yake.