Mkutubi Aliyeng'oa Mlango wa Maktaba

Saa mbili na robo asubuhi, mkutubi amepiga magoti kwenye stoo ya shule ya msingi, anafungua boksi la kumi na nne la msaada. Anachomoa kitabu, anasoma jalada, anakitupa pembeni. Cha pili hivyo hivyo.

"Sheria za kodi," anasema. "Na hiki? Namna ya kuteleza kwenye theluji. Theluji! Wasomaji wangu wako darasa la pili. Mtu amesafisha kabati lake huko, akajiona ametenda wema."

Ana miaka hamsini na minane. Miaka sita iliyopita aliaga maktaba ya mji wa kwao, akavuka mpaka kuja kuanzisha maktaba za shule katika nchi asikokuwa na ndugu wala jamaa. Amekwishafungua tisa. Walimu humwita Mama Kimya, kwa utani tu, maana akikasirika husikika hadi getini.

Na hukasirika kweli. Lakini hakuna kilichomchefua kama shule hii. Maktaba yake ilifunguliwa mwaka jana kwa mbwembwe, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Miezi minane baadaye alirudi kukagua, akakuta kofuli limeota utando wa buibui.

"Vitabu viko salama, mama," mwalimu mkuu alimwambia, tena kwa fahari. "Hata kimoja hakijachanika."

"Watoto wanasoma lini?"

"Wakija wageni."

"Ufunguo uko wapi?"

"Anao mtunza stoo. Yuko likizo."

Anapokumbuka, bado anashika kichwa. "Nimemwacha mwanangu, nimeacha kwangu, nije kupamba chumba cha wageni?"

Hakubishana. Alimwendea seremala aliyekuwa akigongelea madawati uani, akamwomba ang'oe bawaba. Seremala akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akatazama mawingu. Nusu saa baadaye mlango ulikuwa umelazwa juu ya madawati manne ndani ya maktaba, umegeuka meza ya kusomea, na watoto wameuzunguka wakigombania nafasi.

Tangu siku hiyo vitabu kumi na kimoja havijulikani viliko, na arobaini na vitatu vimechanika. Mwalimu mkuu alimletea orodha hiyo kama mtu anayeleta mashtaka.

"Ona, mama! Vimechakaa!"

"Afadhali!" alimjibu.

Hata hivyo, wiki iliyopita alimfumania mwalimu mkuu huyo huyo amekaa kwenye mkeka na watoto wa darasa la kwanza, anawasomea kisa cha chura, mashavu yamevimba kwa kuiga mlio. Alipomwona mkutubi alikifunga kitabu upesi. "Nilikuwa nakikagua," alisema.

Binti wa mkutubi humpigia simu kila Jumapili na swali ni lile lile: "Mama, unarudi lini?" Mkataba unaisha Desemba. Mkutubi amechoka kusubiri maboksi. Kabla ya kuondoka anataka shule hii iwe na vitabu ishirini vilivyoandikwa na wanafunzi wenyewe, kwa lugha wanayoitumia kugombana nyumbani.

Mpaka sasa vimepatikana vitatu. Kimoja kimeandikwa na msichana wa darasa la sita, kinamhusu mkutubi mkali anayewafokea watu wazima.

"Nimesahihisha tahajia tu," anasema. "Mengine yote ni kweli."