Shimo Lililokataa Kujaa

Mume wangu wanamwita Twiga, na ukimwona utacheka, maana ni mfupi. Akisimama nyuma ya tairi la gari lake humwoni. Jina limetoka kwenye gari lenyewe, gari la pampu ya zege, lenye shingo ya chuma inayokunjuka mpaka ghorofa ya tisa. Yeye anabaki chini na rimoti kiunoni, anaipeleka ile shingo kushoto, kulia, polepole, na zege linamwagika pale pale anapotaka. Miaka ishirini na mbili sasa. Masikio yamekwisha. Mimi nikimwita mara tatu hasikii, lakini pampu ikikohoa mtaa wa pili anageuka.

"Shimo likijaa, pampu inakuambia," husema. "Inaanza kuvuta kwa shida."

Sasa nisikilizeni. Walikuwa wanajenga jengo la ghorofa sita nyuma ya kituo cha mafuta, Twiga akaitwa kujaza mashimo ya nguzo za msingi. Yalikuwa kumi na mawili. Kila moja lilichukua gari moja na nusu la zege, kama mhandisi alivyopiga hesabu. La mwisho, la konani, likachukua magari mawili. Likachukua la tatu. La nne. Pampu inavuma kiulaini tu, haina shida yoyote. Twiga akataka kusimamisha, msimamizi akamjia juu: "Wewe mwaga! Ukisimama zege litaganda kwenye mabomba, halafu utasemaje?" Gari la tano lilipokwisha, zege likafika mdomoni mwa shimo. Watu wakashusha pumzi. Twiga akatia sahihi kwenye karatasi kwamba limejaa.

Akaosha gari. Aliporudi kuokota glavu zake akachungulia, na shimo lilikuwa tupu. Hapakuwa na zege wala maji, giza tu. Na kutoka chini kabisa ilikuja sauti ya kumeza, taratibu, ya mtu anayekunywa bila haraka.

Msimamizi alilifunika kwa bamba la chuma. "Umeshatia sahihi," alimwambia. Kesho yake wakasuka nondo juu yake, wakamwaga zege la kufunika, yakaisha.

Aliniambia yote alasiri ile ile aliyotia sahihi, amekalia ndoo uani, buti hajavua. Alitaka kwenda kwa mhandisi. Na mimi, haya, nasema, mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. "Sahihi ni yako, siyo yao. Wakikufukuza tutapika hizo buti?" Akanyamaza. Ila tangu siku ile akawa na tabia ya kuinama. Tukienda kwa watu, kabla hajaketi, anajifanya anafunga kamba za viatu, kumbe anatega sikio sakafuni. Wenyeji wanadhani ana mgongo mbovu.

Baada ya miaka mitano, binti yetu wa pekee akaja na furaha zake: wamepata nyumba ya kupanga. Ya chini, ya konani, nyuma ya kituo cha mafuta. Weee! Nikamtazama mume wangu, naye akatazama sahani. Nikasema, "Hongera, mwanangu." Nilijipa moyo kwamba jengo limesimama miaka yote ile na halina hata ufa. Watu tunajua kujidanganya, jamani.

Mwezi uliopita tulikwenda kuwatembelea, mchana kweupe. Mkwe wetu alikuwa kazini. Sebule safi, mapazia mapya, jua limejaa ukutani. Twiga akainama kwenye viatu vyake kama kawaida. Hakuinuka. Alibandika kiganja juu ya vigae.

"Baba, na wewe umeisikia?" binti yetu akacheka. "Ni mabomba ya maji hayo. Sisi tumeshazoea. Ila huyu mwanangu amezidi."

Mjukuu wetu, msichana wa miaka mitatu, alikuwa amelala kifudifudi konani, shavu kwenye kigae. Alikuwa anamimina maji ya kikombe chake kidogo kidogo kwenye upenyo wa sakafu.

"Babu," akanong'ona, "anakunywa."

Twiga akapiga magoti pale pale. "Mwanangu, tokeni humu," akasema. "Leo hii. Chini yenu hakuna kitu. Mimi ndiye niliyetia sahihi." Akamweleza yote, tangu gari la kwanza mpaka la tano.

Binti yetu hakupiga kelele. Bora angepiga. Alimnyanyua mtoto, akamweka begani, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, miguu mitupu.

"Ulijua," akamwambia baba yake. "Siku tunahamia ulijua. Ukabeba kitanda cha mtoto, ukakiweka mwenyewe humu."

Twiga akalia. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumwona akilia.

Kisha binti yetu akanigeukia mimi. Alisimama tu na mtoto wake begani, ananitazama usoni, anasubiri niseme kwamba mimi sikujua. Mimi nikainama, nikaokota kikombe cha mtoto sakafuni. Walihama jioni ile ile, na mpaka leo hajaniambia wapi.