Jumamosi ya Dereva wa Akiba

Nilipoajiriwa udereva pale Tunduma, miaka michache baada ya kurudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia, sikupewa basi. Nilipewa benchi.

Lilikuwa limewekwa ukutani mwa ofisi ya magari, upande unaopata jua la asubuhi, na madereva wapya wote walianzia hapo. Tulikuwa wanne. Cheo chetu kilikuwa kizuri ukikisikia: madereva wa akiba. Mama yangu alipopata habari aliwaambia majirani kwamba mwanawe ni dereva anayetunzwa kwa ajili ya safari kubwa. Sikumsahihisha. Kusema kweli, wiki ya kwanza hata mimi niliamini hivyo.

Juu ya vichwa vyetu palikuwa na ubao mweusi. Upande wa kushoto yaliandikwa majina ya madereva wa zamani, kila mmoja na siku zake: huyu Jumatatu kwenda Mbeya, yule Alhamisi kwenda Kasama, ng'ambo ya mpaka. Mtu wa upande ule aliweza kumwambia fundi cherehani, "Koti langu nitalifuata Jumanne," na Jumanne akalifuata. Upande wa kulia yalikuwa majina yetu manne, moja chini ya jingine, bila siku. Dereva wa zamani akiugua, au ikizuka safari isiyotarajiwa, karani aligonga chuma kilichoning'inizwa mlangoni, kipande cha reli ya zamani, na wa kwanza katika orodha yetu akaondoka. Akirudi, jina lake lilifutwa juu na kuandikwa chini kabisa.

Sharti la benchi lilikuwa moja tu: usiende mahali ambapo chuma hakisikiki. Basi Tunduma yangu mimi ilikuwa na upana wa sauti ile. Mama yangu mdogo alikuwa ameolewa upande wa pili wa mpaka, na moshi wa jikoni kwake niliuona nikiwa kwenye benchi, lakini kumtembelea kulitegemea upepo. Ukivuma kuelekea kwake, nilikula ugali wake kwa raha. Ukigeuka, niliacha tonge mkononi nikarudi mbio. Mumewe alinicheka kwa ile heshima yao ya Kibemba. "Leo kamba yako fupi, mukwai," alisema. Nilicheka naye.

Nilikuwa na mchumba Igamba, huko Mbozi kwenye njia ya Mbeya, binti wa mkulima wa kahawa, mtu wa kanisa na mwenye neno moja. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kupelekwa. Arusi ilipangwa Juni. Mchungaji alitutangaza Jumapili tatu mfululizo, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyesimama kupinga. Siku mbili kabla ya arusi chuma kiligongwa, na jina la juu lilikuwa langu. Dereva wa Kasama alikuwa na homa. Niliendesha kwenda na kurudi, na niliporudi arusi yangu ilikuwa imepita bila mimi.

Baba mkwe alinisamehe. Alisema kazi ni kazi, na dereva aliye barabarani hawezi kukata kona kwa ajili ya arusi yake. Aliweka siku nyingine, Jumamosi moja ya Agosti, kahawa ikianza kuuzwa. Ila alinisindikiza hadi barabarani, na kabla sijapanda gari akasema, "Mwanangu, watu nimewaita mara moja wakarudi na njaa. Nitawaita mara ya pili. Ya tatu sitakuwa na uso wa kuwaitia."

Nilirudi Tunduma nikiwa na maneno hayo kifuani, nikaanza kutafuta njia. Kwanza nilikwenda kwa dereva mmoja wa zamani, mtu wa upande wa kushoto wa ubao. Wenzake walikuwa wakibadilishana siku kila mara, hii kwa arusi, ile kwa mazishi. Nikamwomba abadilishane nami Jumamosi moja tu.

Alinitazama kwa huruma, si kwa dharau. "Mdogo wangu, mimi nitakupa Jumamosi yangu. Wewe utanipa nini? Huna siku."

Nilimwendea karani. Alikuwa mzee mpole, mwenye chaki mfukoni na kikohozi kisichokwisha. Aliniambia likizo huanza baada ya mwaka mzima, nami nilikuwa na miezi saba. Lakini alishusha sauti akanifundisha jambo. Kama siku ya Ijumaa alasiri, basi la kwenda Mbeya linapoondoka, kutakuwa na mwenzangu aliyebaki kwenye benchi wa kuitikia chuma, yeye atafumba macho nipande. Nirudi Jumapili jioni. Alichohitaji ni mtu mmoja tu wa kubaki.

Sasa hapo nilijiona mwerevu. Jeshini nilisifiwa kwa hesabu, na nikaipigia orodha ile hesabu kana kwamba ni mtihani. Ilikuwa wiki ya arusi. Nilijitolea safari ya Jumatano kwenda Mbeya, ambayo hakuna aliyeitaka kwa sababu ya baridi, ili nikirudi Alhamisi jina langu liwe chini kabisa, na wenzangu watatu wawe juu yangu. Miezi saba yote sikuwahi kuona watatu wakiitwa kwa siku mbili. Hata wawili ilikuwa nadra. Nilipopita Mbozi na lile basi la Jumatano niliteremka dakika mbili nikamkabidhi mwenye duka la njiapanda barua ya kupelekwa Igamba. Niliandika kwamba safari hii nitakuwepo bila shaka yoyote. Nilipigia mstari maneno "bila shaka".

Alhamisi asubuhi nilirudi. Karani alifuta jina langu juu akaliandika chini. Nilikaa kwenye benchi nikavitazama vichwa vitatu vya wenzangu kwa mapenzi makubwa.

Alasiri ile chuma kiligongwa. Wa kwanza akapelekwa Mbozi na lori kubeba kahawa. Ijumaa asubuhi kiligongwa tena, na wa pili akaenda Mbozi na lori jingine, kahawa vilevile. Hapo ndipo niliona upumbavu wangu. Baba mkwe aliweka arusi wakati wa kuuza kahawa, na wakati wa kuuza kahawa ndio malori yote yanapoitwa. Jambo la wazi namna ile, na mimi hodari wa hesabu sikuliona, kwa kuwa nilihesabu majina nikasahau msimu.

Alibaki wa tatu, kijana wa Ndalambo, rafiki yangu. Mmoja alitosha. Nilimnunulia karanga, nikamuuliza kama anajisikia vizuri, nikamuuliza tena. Akacheka akasema hajawahi kutunzwa vile hata na mama yake.

Saa tisa basi la Mbeya lilikuwa tayari. Nilikuwa nimeoga na kuvaa suti, koti la kijivu nililoshonewa tangu Juni. Karani aliangalia pembeni kama alivyoahidi. Nilipanda, nikapata kiti nyuma ya dereva, nikaweka mfuko wangu magotini. Abiria mmoja, mama wa makamo aliyekuwa na kuku wawili, alinitazama koti akaniuliza naoa au naoza. Nikamwambia naoa, kesho. Akanibariki. Dereva akawasha injini.

Chuma kiligongwa.

Nilimwona rafiki yangu akisimama kutoka kwenye benchi na karanga zake. Basi la Kasama lilikuwa limeletwa na dereva aliyeteguka mkono kwa kupigwa na mpini wa kuwashia injini, na abiria walikuwa wakingoja. Rafiki yangu aligeuka akanitazama kupitia kioo. Aliinua mkono kidogo, akaenda kulichukua basi.

Karani alikuja mpaka kwenye mlango wa basi letu. Hakuniita kwa jina. Alisimama tu, chaki mkononi, na kwenye ubao nyuma yake nikaona jina langu limesimama peke yake. Nikateremka. Mama yule aliniuliza nimesahau nini. Nilimwomba dereva awaachie wakwe zangu ujumbe pale dukani njiapanda, kwamba nimezuiwa. Basi likaondoka, nami nikabaki nalitazama vumbi lake mpaka likatulia.

Watu wameniuliza maishani kwa nini sikutembea. Igamba kwa miguu ni mwendo wa siku nzima na zaidi, nisingefika. Nisingefika, lakini hiyo si sababu yote. Niliogopa. Kwetu tulikuwa tukila mahindi ya kubahatisha, na wadogo zangu walisoma kwa benchi lile. Nilijua nikikosekana mara moja jina langu lisingeandikwa tena juu wala chini. Niliogopa kuipoteza kazi kuliko nilivyompenda mchumba wangu, au nilidhani hivyo, na sijui mpaka leo kama niliona sawasawa.

Kwa hiyo Jumamosi ya arusi yangu nilikaa. Nilivaa suti ileile, kwa kuwa nguo nyingine nilikuwa nimezifua na zilikuwa bado mbichi. Asubuhi upepo wa Agosti ulivuma kwa nguvu, nikasogea karibu zaidi na chuma nisije nikakikosa. Saa nne, saa ya ibada, nilisikia mtu akipasua kuni nyuma ya ofisi. Nilijua wanakwaya wameshapanga mistari. Saa sita karani alinipa nusu ya kiazi chake. Nilikitazama kile chuma mchana kutwa na nikakiomba, ndiyo, nilikiomba kigongwe. Nikiitwa kwenda Kasama au Mbeya au popote, walau ningekuwa mtu aliyezuiwa na jambo.

Hakikugongwa. Jua lilipita juu ya paa, likashuka upande wa pili, na hakuna dereva aliyeugua, hakuna lori lililoombwa. Saa kumi na mbili karani alifunga mlango akaniambia pole. Nikasema asante.

Wenzangu walirudi Jumatatu. Karani alinipa siku mbili kwa hiari yake mwenyewe, jambo ambalo lingeweza kumgharimu, na Jumanne nilikuwa Igamba.

Nilitegemea matusi. Baba mkwe alinikaribisha kiti. Aliniuliza habari za mama na za mvua ya mwaka jana, akamwagiza mtu alete chakula. Nyama ilikuwa ya ng'ombe wa arusi, imekaushwa juu ya moto. Ujumbe wangu ulikuwa umewafikia Jumapili. Hakuutaja. Aliinuka akasema anaenda kuangalia kahawa iliyoanikwa, akaniacha na binti yake na shangazi mmoja mzee aliyekuwa akichambua maharage mlangoni. Upole ule uliniumiza kuliko fimbo.

Mchumba wangu aliketi kwenye mkeka mbele yangu. Alikuwa mtu wa kutazama usoni, na siku hiyo pia alinitazama usoni.

"Jumamosi ulikuwa umekwenda wapi?" aliuliza.

Ningeweza kusema Kasama. Angenisamehe, na baba yake angenisamehe, kama walivyofanya Juni. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Sijui kilichonizuia.

"Sikwenda popote. Nilikaa."

"Hukuitwa?"

"Sikuitwa."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima."

Shangazi aliacha kuchambua maharage. Nilijaribu kueleza ubao, majina manne, upepo, mtu mmoja wa kubaki. Nilisikia maneno yangu mwenyewe nikaona aibu, kwa sababu yalikuwa ya kweli yote na hayakuwa na maana yoyote pale kwenye mkeka. Alinisikiliza hadi mwisho. Alisema alikaa kanisani na viatu vya kuazima mpaka miguu ikavimba, kisha wanakwaya wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwa adabu, wakijifanya wanakwenda kutazama mifugo.

"Sina hasira nawe," alisema. "Baba pia hana. Ameniambia ukinipa siku, atawaita watu hata wakimcheka. Basi nitajie siku moja. Si lazima iwe karibu. Hata ya mwakani. Siku ambayo ukisema utakuja, utakuja."

Nikafungua mdomo. Nilifikiri Septemba, na kahawa itakuwa bado inasombwa. Nilifikiri Novemba, mvua zitakuwa zimeanza, magari yatanasa kwenye tope na sisi ndio tutakaotumwa kuyafuata. Krismasi watu husafiri. Pasaka husafiri. Mwakani labda ningehamia upande wa kushoto wa ubao, kama mzee mmoja angestaafu, kama mimi ndiye ningechaguliwa. Nilizipitia siku moja moja nikitafuta moja tu iliyo yangu, nisiipate, na yeye alingoja, akiangalia midomo yangu, kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili.

Kisha akainama, akachukua sahani, akaniuliza kama nimeshiba.

Nikamwambia nimeshiba.